Wakunga Arobaini wa Kilongwe

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, na asubuhi hiyo katika wilaya ya Kilongwe jua lilitoka mapema na kali, bila hata wingu la kusingizia. Kwa mujibu wa Kitabu cha Wilaya, hata hivyo, mvua ilikuwa inanyesha. Ukurasa wa nne ulisema wazi kwamba katikati ya mwezi wa tano Kilongwe hupata mvua za kutosha. Kwa sababu hiyo Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Oresti Kabyemera, alishuka garini akiwa amefunikwa mwavuli na dereva wake, akaruka madimbwi mawili ambayo hayakuwepo, akaingia ofisini akijipangusa mabega.

"Mvua ya leo ni ya baraka," alisema.

"Amina, Mheshimiwa," alijibu karani wa takwimu, Zefania Mkombola, ambaye ndiye aliyeiandika.

Zefania alikuwa mtu mwema. Alisali kabla ya kufungua droo na baada ya kuifunga. Kazi yake ilikuwa moja tu kwa mwaka, nayo ilimtosha: kuandika Kitabu cha Wilaya, chenye sehemu tatu, Jiografia, Uchumi na Huduma za Jamii, na kukipeleka makao makuu ya nchi kabla ya sikukuu ya taifa. Kazi hiyo alifundishwa na karani aliyemtangulia, marehemu mzee Gaudensi, kwa muda wa dakika tano.

"Chukua kitabu cha mwaka jana," mzee alimwambia, "kisha kila kitu uongeze mbili katika kila mia. Ukiongeza moja, wataona tumelala. Ukiongeza tatu, watakuja kutazama."

Zefania alishika neno hilo kwa miaka ishirini na miwili, wala hakuruka mwaka. Hakuwa na nia mbaya. Aliongeza kwa roho safi, kama mtu anavyomwagilia mboga jioni. Mlima Kilunge, ambao alipoajiriwa ulikuwa na mita elfu moja na mia moja, sasa ulikuwa na mita elfu moja na mia saba, na wachungaji wa mbuzi waliokuwa wakiupanda tangu ujanani walikiri kwamba kweli siku hizi wanachoka zaidi. Mto Mbwe ulifikia kilomita tisini na tatu, ingawa wilaya yenyewe, ambayo mipaka yake ni mali ya Bunge na haiongezwi, ina kilomita themanini kutoka mwisho hadi mwisho. Nchi jirani iliandika barua ya kistaarabu kuuliza kilomita kumi na tatu zilizobaki zimeingilia wapi kwao, maana wao walikuwa na ukame.

Upande wa uchumi, mashine mbili za kusaga nafaka, zilizoandikwa kama viwanda, zilifikia tatu. Kiwanda cha tatu kilitengewa kiwanja, na kiwanja kikapewa mlinzi, bwana mmoja mrefu aitwaye Tiburusi, ambaye kila asubuhi hukaa kwenye nyasi na kirungu chake. Tangu aajiriwe, kiwanda hicho hakijaibiwa hata msumari, jambo ambalo viwanda vingine viwili haviwezi kujivunia.

Vifo peke yake ndivyo Zefania alivyopunguza mbili katika kila mia, kwa sababu alikuwa na huruma.

Sasa, Jumanne hiyo ya mvua, barua ilifika kutoka Wizara ya Mizani ya Taifa. Mheshimiwa aliisoma akiwa amesimama, kisha akamwita karani wake na kumsomea tena kwa sauti ya hotuba.

"'Wizara imeona kwa furaha kwamba Kilongwe ina wakunga arobaini, idadi inayozidi mahitaji. Kwa kuwa wilaya ya Lwande haina hata mmoja, mkunga wa Kilongwe mwenye utumishi mrefu kuliko wote ahamishiwe huko ndani ya siku kumi na nne. Mkaguzi Mkuu atafika kushuhudia makabidhiano.'" Akaishusha barua. "Zefania, unaelewa maana yake? Wengine wanaomba. Sisi tumefika mahali pa kugawa."

"Ni neema, Mheshimiwa."

"Andika barua ya uhamisho. Tumia karatasi ile nzito."

Zefania aliketi kwenye mashine yake ya chapa. Aliandika anwani, akaandika salamu, akaandika "kwa heshima na taadhima". Kisha akafungua jalada la watumishi kutafuta mkunga mwenye utumishi mrefu kuliko wote. Jalada lilikuwa na ukurasa mmoja. Ukurasa ulikuwa na jina moja: Sista Yukunda Kihwele, Zahanati ya Mtonyo.

Vidole vyake vikasimama juu ya herufi.

Alipoanza kazi kulikuwa na wakunga ishirini na sita, wa nyama na damu. Wengine walistaafu, wengine walifuata waume mjini, wawili walifariki na mmoja alifungua duka la vitenge. Kila walipopungua ardhini, kitabuni waliongezeka. Alikuwa akilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kwamba ana mifupa, bila kuwahi kulitazama. Na huko Mtonyo, kilomita thelathini na moja za kweli kutoka ofisini, alikuwa ameolewa binti yake wa pekee, Leokadia, mwenye mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza, mwaka juzi, mtoto alizaliwa kimya. Leokadia mwenyewe alibaki duniani kwa sababu Sista Yukunda alikaa naye siku mbili bila kuvua viatu.

Zefania alisali kwa macho wazi, kisha akaenda kubisha mlango wa Mkuu wa Wilaya.

"Mheshimiwa, ni kuhusu wale wakunga arobaini."

"Ndiyo. Wako wapi? Nataka wajipange siku ya mkaguzi."

"Wamo kitabuni, Mheshimiwa."

"Basi wamo."

"Namaanisha, wamo kitabuni tu. Nje ya kitabu yuko mmoja. Naomba tuandike Wizara tusahihishe."

Mheshimiwa alivua miwani. Hakuwa mkali, alikuwa mtu wa sauti ya upole na tumbo la upole, na watoto wake walisoma na watoto wa Zefania. "Kaa chini, ndugu yangu. Mwaka jana tuliandika wakunga thelathini na tisa na vipande. Mwaka huu unataka tuandike mmoja. Wataniuliza, wale wengine wamekufa kwa ugonjwa gani? Mimi nitasema nini? Wilaya ambayo vifo vinapungua kila mwaka imepoteza wakunga thelathini na tisa kwa siku moja. Hilo ni janga la kitaifa. Watapeperusha bendera nusu mlingoti. Na watatafuta aliyewaua." Akamtazama kwa huruma. "Unataka nimtaje nani?"

Zefania aliinuka kutoka kitini.

"Malizia barua uipeleke," alisema Mheshimiwa. "Na chukua mwavuli, nje kunanyesha."

Alikwenda Mtonyo kwa pikipiki ya kukodi, barua ikiwa ndani ya shati. Zahanati ni chumba kimoja chenye baraza, na siku hiyo ilikuwa siku ya kupima watoto uzito. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya paa, na ndani ya mfuko wake wa kitambaa alikuwamo mtoto mnene aliyekasirika. Akina mama kumi na wawili walikuwa kwenye foleni, na Leokadia alikuwa wa mwisho, ameketi kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea kama unavyoniona. Naendelea mbele," alisema akigusa tumbo, na akina mama wakacheka.

Sista Yukunda, mwanamke mfupi mwenye mvi na sauti ya kuamrisha, alifuta mikono, akapokea barua, akaisoma mara moja. Kisha akageuka akatazama ukuta wa nyuma, akatazama chini ya meza, akachungulia stoo.

"Baba Leokadia," alisema, "hawa wenzangu thelathini na tisa wanaingia zamu gani? Maana mimi niko asubuhi, mchana na usiku, na sijapishana na mtu mlangoni."

"Labda ni wembamba sana, Sista," alisema mama mmoja kwenye foleni.

"Au wanakuja ukiwa umepiga magoti," alisema mwingine. "Ungefumbua jicho moja."

"Mwambieni mmoja wao aje ashike huyu," alisema Sista, akimtoa mtoto mnene kwenye mfuko, "maana amenikojolea, na arobaini kwa mmoja ni haki tugawane."

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Barua ilizunguka kwenye foleni, wanaojua kusoma wakiwasomea wasiojua, na ilipofika mwisho Leokadia aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Siku kumi na nne," alisema. "Mimi bado wiki tatu." Akamtazama baba yake. "Nani aliandika arobaini?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mkono gani, baba? Wa kulia au wa kushoto?"

Zefania alijitazama kidole cha kati, chenye alama ya wino isiyotoka hata kwa sabuni. Angeweza kusema mengi. Angeweza kumtaja mzee Gaudensi, ambaye kwa kuwa ni marehemu hangebisha.

"Wa kulia," alisema.

Leokadia hakumkaripia, na hilo ndilo lililomchoma. Alikunja barua vizuri, akaitia kwenye bahasha yake. "Mimi kufa siogopi sana, baba. Naogopa niwe pale kitandani, niambiwe nyuma yangu wako watu arobaini, nigeuke nisimwone hata mmoja."

Akirudi, Zefania alimwomba mwenye pikipiki asimame kwenye kanisa dogo la njia panda. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo na kuanza sala yake ya kila siku, ambayo kwa mazoea ilifuata mpangilio wa kitabu, Jiografia, Uchumi, Huduma za Jamii. Alishukuru kwa mlima. Alishukuru kwa mto. Alipofika kwa wakunga alisema, "na kwa wakunga aro", akanyamaza. Lilimjia wazo ambalo halikuwahi kumjia kwa miaka ishirini na miwili, kwamba Yule anayeambiwa naye anayo hesabu yake, na huenda hakuipata kwa kuongeza mbili katika kila mia. Zefania alitoka bila kusema amina, kwa sababu aliona sala haijaisha.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Mkaguzi Mkuu alifika Mtonyo. Aliitwa Bi Skolastika Ntungi, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye mkoba mkubwa wa fomu na viatu vilivyojaa vumbi, na alikuwa na uso wa mtu aliyelala nyumba nyingi za wageni. Mbele ya zahanati Mheshimiwa alikuwa ameandaa gwaride la wakunga arobaini, safu nne za kumi kumi, wote kwa aproni nyeupe. Aproni ishirini zilitoka hoteli ya stendi na bado zilinukia maharage. Walikuwamo walimu wawili, makatibu muhtasi watatu, kwaya karibu yote ya akina mama, mke wa mkuu wa polisi na mhudumu wa chai wa ofisi, Mama Hosiana. Ukimtoa Sista Yukunda mwenyewe, wanawake waliishia thelathini na nane, kwa hiyo nyuma kabisa alisimama Tiburusi, mlinzi wa kiwanda cha tatu, amefungwa kilemba hadi kwenye nyusi na kuagizwa asicheke.

"Mheshimiwa Mkaguzi," alihutubia Mkuu wa Wilaya, "wilaya nyingine zina dhahabu. Wilaya nyingine zina bahari. Kilongwe tuna wakunga. Mtoto wa Kilongwe akizaliwa hajui aanze kumlilia nani, kwa wingi wa waliomzunguka. Leo tunampa Lwande mmoja, wala hatutasikia upungufu, kama vile mto Mbwe usivyosikia kikombe kimoja."

Akapiga makofi, na ofisi yote ikapiga makofi. Akina mama wa Mtonyo, waliokaa chini kando, hawakupiga. Leokadia alikuwa katikati yao, ameegemea mgongo wa jirani yake.

Bi Skolastika alipita kwenye safu. Akasimama mbele ya Mama Hosiana.

"Wewe umezalisha wangapi?"

"Mimi?" Mama Hosiana alifikiri. "Mimi nimezaa sita."

"Anajibu kwa unyenyekevu," alisema Mheshimiwa haraka. "Hapa kwetu hawapendi kujisifu."

Bi Skolastika alipita nyuma. Alipofika kwa Tiburusi alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia buti hadi ndevu, akaandika kitu kidogo kwenye daftari. Kisha akarudi mbele na kuomba orodha isomwe.

Zefania alisimama. Orodha ilikuwa mkononi mwake, ameichapa mwenyewe, majina arobaini kwenye karatasi ile nzito. Alimtazama binti yake, naye alikuwa akimtazama, mkono tumboni, bila kuomba kitu.

"Yukunda Kihwele," alisoma.

"Nipo," alisema Sista.

Zefania alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Endelea," alisema Bi Skolastika.

"Nimemaliza."

Mheshimiwa Kabyemera alisikika akivuta pumzi ndefu kupitia pua.

"Karani ana malaria," alisema Mheshimiwa.

"Sina malaria, Mheshimiwa. Nina makosa. Mkunga wa Kilongwe ni mmoja. Wengine thelathini na tisa niliwaandika mimi, kidogo kidogo, kila mwaka, mbili katika kila mia. Hakuna aliyewaua. Hawakuzaliwa."

Bi Skolastika hakuonekana kushangaa. Alifungua mkoba wake, akachambua fomu, akatoa bunda. "Kanuni inaruhusu kufuta mtumishi asiyekuwepo," alisema. "Lakini asiyekuwepo lazima afike mwenyewe na kutia saini kwamba hayupo. Kwa miaka kumi na minne sijawahi kumpata hata mmoja aliyefika."

Akaiweka fomu mezani, kalamu juu yake, akasubiri kama mtu aliyezoea kusubiri bure.

Safu hazikutikisika. Mke wa mkuu wa polisi alitazama viatu vyake. Mheshimiwa alitazama safu kwa jicho ambalo wote walilijua, kwa sababu mishahara yao ilipita mbele yake. Kisha Mama Hosiana akafungua kamba ya aproni yake, akaivua juu ya kichwa, akaikunja kwa uangalifu kwa kuwa ilikuwa ya watu.

"Mimi si mkunga," alisema. "Mimi ni wa chai. Nisaini wapi?"

Baada yake walikuja walimu. Kisha kwaya ilikuja yote, sauti ya kwanza ikitangulia. Mke wa mkuu wa polisi alisaini kwa herufi kubwa. Mstari ulipofika mwisho, Tiburusi alivua kilemba, akauliza kama asaini kwamba yeye si mkunga au kwamba yeye si mwanamke, na Bi Skolastika akamwambia achague ambalo ana uhakika nalo zaidi.

Mheshimiwa Kabyemera alikuwa ameketi. Alimvuta Zefania mkono, akanong'ona, "Na mlima?"

"Mlima nao, Mheshimiwa."

"Kiasi gani?"

"Mita mia sita."

Mheshimiwa aliinua macho akautazama mlima Kilunge, uliokuwa pale pale nyuma ya zahanati, akautazama kwa majonzi kama mtu anayetazama ndugu aliyetoka hospitali.

Bi Skolastika alizihesabu fomu thelathini na tisa mara mbili. "Mkunga wa pekee hahamishwi," alisema mwishowe. "Ni kanuni ya tisa. Niliiandika mwenyewe na sijawahi kupata nafasi ya kuitumia." Akaipokea ile barua ya uhamisho kutoka kwa Sista, akaichana vipande viwili, taratibu, kwa raha ambayo hakuificha vizuri.

Akina mama walianza kupiga vigelegele, lakini Sista Yukunda aliinua mkono wakanyamaza. "Na Lwande?" aliuliza.

"Lwande karani wao aliandika sifuri," alisema Bi Skolastika. "Ndiye karani pekee nchini aliyeandika sifuri, ndiyo maana tulimwamini. Wilaya nyingine kumi na nane zimeandika kati ya thelathini na tisa na arobaini na moja." Akafunga mkoba. "Nitaanza kuzizunguka kesho, mpaka nimpate mmoja wa kweli anayeweza kutoka. Sijui nitazunguka kwa muda gani."

Zefania alimfikiria mwanamke fulani wa Lwande, asiyemjua jina, ameketi kwenye benchi mkono kiunoni, akisubiri. Alimwona waziwazi kuliko alivyowahi kuwaona wale thelathini na tisa.

"Mimi nataka ahadi," alisema Sista Yukunda.

"Ahadi haina fomu," alisema Bi Skolastika.

"Ndiyo maana naitaka. Baba Leokadia, simama hapa katikati. Sema kwa mdomo wako, hawa wakusikie. Mwakani mtu akiniuliza nani aliahidi, sitaki kujibu kwamba ni ofisi."

Zefania alikwenda akasimama katikati ya akina mama, mkaguzi upande mmoja, Mkuu wa Wilaya upande mwingine. Alivua kofia. Sauti yake ilianza chini, wakamwambia apaze, akapaza.

"Mimi, Zefania Mkombola, mbele ya binti yangu, mbele ya Sista, mbele yenu nyote, na mbele za Mungu ambaye anazo namba zake, naahidi hivi. Kesho asubuhi naanza kutembea vijiji vyote kumi na saba vya Kilongwe kwa miguu. Sitaandika mtu nisiyemsalimia akaniitikia. Sitaandika kisima nisichokunywa maji yake, wala daraja nisilolivuka. Nikikuta mmoja nitaandika mmoja, nikikuta sifuri nitaandika sifuri, na kabla kitabu hakijakwenda popote nitakuja kukisoma hapa hapa kwa sauti, mnisimamishe nikikosea."

Hakuna aliyepiga makofi. Akina mama walitazamana, kisha wakamtazama Leokadia, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kupokea.

"Tumesikia, baba," alisema Leokadia.